Bibi aliniambia mashine inapumua

“Weka mkono hapa, mwanangu.”

Aliushika mkono wangu mwenyewe akauweka kwenye ubao wa dirisha la chumbani kwake. Ilikuwa saa tano kasorobo usiku, mwezi wa Julai, mbalamwezi imejaa uwani. Ubao ulikuwa unatetema. Mtetemo mdogo, kama wa kifua cha paka anapokoroma, lakini haukukatika. Juu ya kitanda palitundikwa sinia la aluminiamu, na nyuma ya sinia kimepachikwa kipande cha kanga kukuu kilichokunjwa mara nne. Nikamuuliza ni cha nini.

“Lilikuwa linalia,” akasema. “Usiku kucha linagonga ukuta. Nimelitia kitambaa tangu Idi, likanyamaza. Mashine ndiyo siwezi kuitia kitambaa.”

Miezi sita kabla ya usiku ule nilikuwa nimeandika ripoti ya kurasa tatu, na sahihi yangu chini, kwamba mahali pale hapana tatizo la kelele.

Mimi ni fundi wa majenereta. Ufundi niliuanzia mjini katika ile miezi ya kiza, Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale njia ya umeme ya chini ya bahari, inayotuletea umeme kutoka Bara tangu 1980, ilipokatika na Unguja nzima ikakaa miezi mitatu bila umeme. Waliokuwapo wanakumbuka. Kila duka la Darajani lilikuwa na jenereta dogo la petroli mlangoni, na mtu akitaka kuzungumza na mwenziwe anamvuta uchochoroni. Nilikuwa kijana wa kusafisha plagi na kumwaga oili. Kelele wakati ule ilikuwa neema: penye ngurumo pana barafu, pana taa, pana maji yanayopanda tangini. Nadhani ndiyo maana ilinichukua miaka mingi kuisikia kama kitu kinachoweza kumnyima mtu usingizi na afya yake.

Waya wa pili, wa megawati 100, ulikuja 2013, lakini mahoteli ya ufukweni hayakuuza majenereta yao. Hoteli ninayoizungumzia iko pwani ya mashariki, mwisho wa laini, na msimu wa wageni ukishika kasi umeme unakuwa mdogo jioni. Basi wana kiwanja chao cha mashine nyuma, karibu na ukuta wa mpaka: majenereta matatu ya dizeli, kila moja silinda sita, yakiwashwa magharibi na kuzimwa baada ya saa sita usiku. Upande wa kaskazini wa ukuta ni mashamba madogo ya mihogo, kisha nyumba za kijiji. Nyumba ya Bibi ndiyo ya kwanza, hatua chache tu kutoka mpakani. Mimi ndiye niliyekuwa nikizihudumia mashine zile kwa mkataba, na kwa kuwa nilikuwa na mita ya sauti, wakanipa na kazi ya kupima.

Kipimo cha kwanza nilikifanya mwezi wa Januari, saa kumi jioni. Niliwaomba wawashe mashine mapema kwa ajili yangu. Niliweka kila kitu kama inavyotakiwa, na nalisema hili kwa sababu watu hudhani makosa hutokana na uzembe. Niliisimamisha mita kwenye miguu mitatu, mikrofoni mita moja na nusu kutoka ardhini, mbali na ukuta zaidi ya mita tatu ili sauti inayorudi isiniongezee namba. Niliivisha sifongo lake la kuzuia upepo. Kabla na baada niliipachika kalibreta inayotoa desibeli 94 kamili, ikasoma sawasawa. Mashine zikiwaka nikapata 52. Zikizimwa nikapata 51. Mwongozo wa Benki ya Dunia na shirika lake la IFC kwa makazi ya watu ni desibeli 55 mchana, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku, na 45 usiku. Nikaandika: 52, chini ya 55, hakuna tatizo.

Tazama zile namba mbili. Tofauti ya 52 na 51 ni desibeli moja. Kanuni niliyokuwa naijua kwa moyo ni kwamba tofauti ikiwa chini ya 3 huwezi kusema lolote kuhusu mashine yenyewe, maana unachokisikia zaidi ni mahali, siyo mashine. Ikiwa 10 au zaidi, hapo namba ni ya mashine hasa. Mimi siku ile niliipima bahari. Ilikuwa siku ya bamvua, maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi, mawimbi yanavunjika hatua chache kutoka pale nilipo, na nikaiandikia hoteli cheti cha usafi kwa sauti ya mawimbi.

Ripoti ile ilitumika. Kila mtu wa kijijini aliyekwenda kulalamika alionyeshwa.

Mwezi wa Juni sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, aliniita barazani kwake. Alikuwa na karatasi ya malalamiko mkononi, na maneno ya Bibi yalikuwa ndani yake. Sheha ni mtu mtulivu. Aliyasoma polepole kisha akaniangalia. Bibi alisema mambo matatu. Kwamba kelele imeanza kumtesa tangu kusi liliposhika. Kwamba mwezi ukiwa mpevu inazidi, na siku za kiza kabisa, mwezi mwandamo, vilevile inazidi, lakini katikati yake anapata nafuu. Na kwamba mashine inapumua, kama mtu aliyelala.

Pale hotelini maneno hayo yalikuwa yameshazungushwa. Nilimsikia mmoja wa wakubwa akisema mama yule ana mambo ya mwezi, labda atafutiwe mganga. Nami, Mungu anisamehe, sikumjibu kitu. Nilikuwa na ripoti yangu.

“Wewe ulipima saa ngapi?” sheha akaniuliza.

“Saa kumi jioni.”

“Na yeye analala saa kumi jioni?”

Nilikwenda na mita yangu nyumbani kwa Bibi usiku wa mwezi mpevu uliofuata, baada ya kupiga hodi mchana wake na kumwomba ruhusa. Kijana wake alinikalisha barazani. Nikangoja, na katika kule kungoja ndiko nilikoelewa jambo la mwezi, kabla sijawasha chombo chochote. Bahari ilikuwa haipo. Mtu wa pwani ya mashariki haambiwi hili: siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Asubuhi ndipo kinamama wanapoteremka kwenye mwani. Usiku hakuna anayeteremka, lakini bahari imekwenda vilevile, mpaka kwenye mwamba, na mawimbi yanavunjika mbali huko, unayasikia kama mtu anayepepeta mchele nyumba ya tatu. Pwani nzima inanyamaza saa ileile watu wanapoingia kulala. Mashine haijaongeza hata chembe. Kilichoondoka ni kile kilichokuwa kikiifunika. Siku za maji mafu mambo yanageuka: saa nne na saa tano usiku maji yamejaa, mawimbi yako karibu, Bibi anapata nafuu.

Alikuwa amelieleza sawa kabisa, kwa miezi. Nimezaliwa kisiwani, najua kupwa na kujaa kabla sijajua kusoma, na sikuunganisha.

Habari ya kusi nayo ilikuwa nyepesi ukishakubali kuisikiliza. Kijiji kiko kaskazini ya kiwanja. Januari ni kaskazi, upepo unatoka kijijini kwenda hotelini, na sauti inayokwenda kinyume cha upepo hupindishwa juu, ikapita vichwani mwa watu. Kusi likishika, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, sauti inasukumwa kaskazini na kuinamishwa chini, ikamiminika ndani ya nyumba. Na katikati ya kusi, Julai na Agosti, wageni wa Ulaya huwa wengi, mashine zinabeba mzigo mkubwa. Mimi nilipima katika majira mazuri kuliko yote ya mwaka kwa mashine na mabaya kuliko yote kwa ukweli.

Kupima wakati wa kusi kuna taabu yake. Upepo ukizidi mita tano kwa sekunde, sifongo halitoshi, na majani ya minazi yenyewe yanapiga kelele za kutosha kuharibu kazi. Usiku ule tulikaa mpaka upepo ulipolala kidogo, kama robo saa tu, na nilikuwa nimepatana kwa simu na kijana wa zamu kule kiwanjani. Akaziacha mashine dakika tano, akazizima dakika tano, akaziwasha tena. Mashine zikiwaka, mita nje ya nyumba ilisoma 46. Zikizimwa, 36.

Meneja alipoziona namba hizo baadaye alisema, kwa hiyo tumezidi kwa desibeli moja tu. Kwa 45 ni moja, ndiyo. Lakini mwongozo uleule unaangalia na jambo jingine: mashine isipandishe sauti ya mahali kwa zaidi ya desibeli 3. Hapa ilipanda kwa 10, na desibeli 10 kwa sikio la mtu ni kama sauti iliyokuzwa maradufu. Mtu aliyelala kwenye 36 umemwekea 46 kitandani, kila usiku, kwa miezi mitano.

Na hata 46 haikuwa habari nzima. Mita ina kichujio kiitwacho A, kilichotengenezwa kufuata sikio la binadamu, ambalo sauti nene za chini halizisikii sana zikiwa ndogo. Kwenye hezi 80, yaani mitetemo 80 kwa sekunde, kichujio hicho kinakata zaidi ya desibeli 22. Namba za miongozo kama ule wa IFC husomwa kupitia A. Nikageuza mita kwenye C, kisichokata chini kiasi hicho, ikasoma 66. Tofauti ya desibeli 20 kati ya C na A inamaanisha kuna kitu kinene kimejificha. Nikafungua bendi moja moja, yaani mafungu ya sauti kutoka nene hadi nyembamba, nikakikuta kwenye bendi ya hezi 80: desibeli 64, kimesimama peke yake kama mnara.

Hesabu yake fundi yeyote wa dizeli anaweza kuifanya kidoleni. Mashine inazunguka mara 1500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde. Silinda sita, na injini ya mipigo minne kila silinda inawaka mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo kila mzunguko una milipuko mitatu. Tatu mara 25 ni 75. Hezi 75, iliyomo ndani ya bendi ile ya 80, inatoka kwenye bomba la moshi. Wimbi moja la sauti hiyo lina urefu wa mita nne na nusu hivi. Ukuta wetu wa mawe wa mpakani una mita mbili na nusu, na kwa wimbi kama hilo ni sawa na kizingiti cha mlango.

Kisha Bibi akaniambia, “Sasa nyamaza umsikilize anavyopumua.”

Nikafumba macho. Kweli. Ngurumo ilikuwa inapanda na kushuka, inajaa na kupungua, kila baada ya sekunde tatu na kidogo. Ukishaisikia huwezi tena kuacha kuisikia, unaingojea ijae. Nilimpigia yule kijana wa zamu nikamwambia anisomee hezi za kila mashine kwenye paneli. Ya kwanza, inayolisha vyumba, 50.0. Ya pili, inayolisha jiko na dobi, 50.2. Ya tatu ilikuwa imepumzika. Hazikuwa zimeunganishwa pamoja, kila moja inakwenda kwa mwendo wake. Hezi 50.0 inatoa ngurumo ya 75.0, na 50.2 inatoa 75.3. Ngurumo mbili zilizokaribiana hivyo zinakutana na kuachana, na tofauti ya 0.3 inakupa pumzi moja kila sekunde tatu na theluthi. Nikahesabu kwa saa ya mkononi. Pumzi kumi, sekunde thelathini na tatu.

Nilipomweleza hakushangaa. Alisema tu, “Kwa hivyo ni wawili.”

Chumbani ndiko nilikopata namba iliyoniuma zaidi. Chumba kina upana wa mita mbili na robo, karibu nusu ya wimbi lile, kwa hiyo sauti inakwenda ukuta hadi ukuta na kujirundika kwenye kuta. Kichwa cha kitanda kiko ukutani. Katikati ya chumba mita ilitulia kidogo. Kwenye mto wa Bibi, madirisha yamefungwa, ikasoma 41 kwa kichujio cha A. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, linasema chumbani mtu anapolala pasizidi 30. Nikamshauri akisogeze kitanda katikati. Akaniangalia kwa upole, akasema kitanda kile kina miaka arobaini mahali pale, aliyehamia ni mashine. Sikurudia ushauri ule, wala sijaurudia kwa mtu mwingine.

Ripoti ya pili niliiandika kwa wiki moja, na nikaanza kwa kuifuta ya kwanza kwa maandishi, kwa sahihi yangu. Mkutano ulikuwa mgumu. Walinikumbusha nani ananilipa. Sheha alikuwepo, hakusema sana; alisema tu kwamba barua inayofuata ataipeleka ZEMA, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, nayo itakuwa na ripoti zangu zote mbili. Meneja mwenyewe si mtu mbaya. Nilimwomba kitu kimoja, aje alale saa moja katika chumba cha Bibi. Hakuja. Alimtuma fundi wake mkuu, na yule fundi aliporudi mambo yakaanza kwenda.

Tuliyoyafanya hayakuwa ya ajabu. La kwanza halikugharimu kitu: milango ya vibanda vya mashine. Vibanda vile vimetiwa sufi nene ndani kuzuia sauti, lakini nilikuta milango yote imeegemezwa na matofali, wazi, kwa sababu vijana wa zamu waliona mashine zinapata moto. Walikuwa na haki kuhofia joto. Matundu ya kuingizia hewa yalikuwa yamezibwa na vumbi na utando wa chumvi, rejeta haivuti. Tukaosha rejeta, tukasafisha matundu, milango ikafungwa, moto ukashuka. Hakuna aliyekuwa amewauliza vijana wale kwa nini milango iko wazi. Pili, dobi likahamishiwa mchana, ili baada ya saa mbili usiku ibaki mashine moja. Pumzi ikakatika siku hiyohiyo, maana haina wa kupokezana naye. Tatu, sailensa ya pili kwenye bomba la moshi, iliyopigiwa hesabu kwa hezi 75, na mdomo wa bomba ukageuzwa kusini-magharibi, kuelekea maegesho ya hoteli. Nne, raba mpya chini ya mashine, za zamani zilikuwa zimekauka kama mti.

Tumeweka pia sehemu mbili za kudumu za kupimia, moja mpakani na moja ukumbini kwa Bibi kwa ridhaa yake, na daftari. Kila safari ninaandika saa, upepo unatoka wapi, maji yamefika wapi, mwezi una siku ngapi, mashine ipi inawaka na mzigo wake. Safu ya maji na safu ya mwezi hazimo katika fomu yoyote niliyowahi kuiona. Nimezichora kwa rula mwenyewe.

Disemba, usiku wa bamvua, maji yamekupwa, nilipata 39 nje ya nyumba, na 36 mashine ikizimwa. Bendi ya hezi 80 imeshuka kutoka 64 mpaka 54. Hoteli walitaka nitie sahihi kwamba jambo limekwisha. Sikutia. Disemba ni kaskazi, na mimi kosa hilo nimeshalifanya mara moja.

Nilikwenda kumweleza Bibi. Alikuwa barazani anasuka ukili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema usingizi unakuja sasa, alhamdulillahi, anasikia mpaka popo kwenye mwembe. Nilipoingia ndani kuchukua mita yangu niliona kitambaa bado kipo nyuma ya sinia. Nikamuuliza kama nikitoe.

“Kiache,” akasema. “Nangoja kusi.”

Nimeshaandika kwenye daftari tarehe za bamvua za Mei na Juni.